Maswali ya Wasomaji: Mvua Ni Ileile, Mafuriko Yametoka Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: kijito kilichokuwa kimetulia miaka na miaka, sasa kinaingia majumbani kila mvua inaponyesha sawasawa. Tumechagua zile zinazogusa wasomaji wengi. Hesabu zilizomo unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Nyumba yetu iko karibu na kijito. Zamani mvua ilinyesha usiku kucha bila shida, siku hizi saa moja tu inatosha maji kuvuka kingo. Tunaambiwa kiasi cha mvua kwa mwaka hakijabadilika sana. Sasa maji haya yanatoka wapi?
*Mkazi wa bondeni*

Pole sana, ndugu yetu. Maji hayo hayajaongezwa na mawingu, yamebadilishiwa njia. Mvua inayoanguka kwenye dakio la mto, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia kwenye mto huo, ina njia tatu: kurudi hewani kwa uvukizi na kupitia majani ya mimea, kunywea ardhini, au kutiririka juu ya ardhi mpaka mtoni. Ukijumlisha hizo tatu, lazima upate mvua yote iliyonyesha. Duniani kwa jumla takriban asilimia 60 ya mvua ya nchi kavu hurudi hewani. Ukikata miti, ukasawazisha kiwanja, ukaezeka bati na kumwaga zege, umeziba njia mbili za kwanza, na maji yote yaliyokuwa yakipita huko yanaangukia njia ya tatu.

Tuitazame kwa tarakimu. Wahandisi wengi hutumia njia iliyobuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani, ambayo huipa kila aina ya ardhi namba isiyozidi 100. Namba ikiwa kubwa, ardhi inakataa maji. Kwanza unatafuta uwezo wa ardhi kushika maji, S, kwa milimita: 25,400 gawa kwa namba, kisha toa 254. Halafu unatafuta maji yatakayotiririka: chukua mvua, toa 0.2S, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha ugawe kwa jumla ya mvua na 0.8S. Msitu wenye afya juu ya udongo unaonyonya polepole una namba 70. Udongo huohuo ukijengwa viwanja vidogo vidogo, asilimia 65 ya eneo ikiwa paa na sakafu ngumu, namba inapanda hadi 90.

Ikinyesha mvua ya milimita 60, msitu unatoa mtiririko wa milimita 10 na makazi yanatoa milimita 36. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ikinyesha milimita 150, msitu unatoa 69 na makazi 121, ambayo haifiki hata mara mbili. Hapo ndipo tungependa kila msomaji atulie kidogo. Ujenzi hubadilisha zaidi mvua za kawaida, zile zinazokuja kila mwaka, kuliko zile kubwa zinazotajwa kwenye habari. Mvua kubwa mno hulowesha hata msitu mpaka ukashiba, na kuanzia hapo msitu na lami havitofautiani sana. Mji wa Zhengzhou nchini China ulipata milimita 201.9 kwa saa moja tarehe 20 Julai 2021. Mvua ya namna hiyo huleta maafa popote inapoangukia. Lakini ile mvua ya saa moja inayokusumbua wewe ni ya kundi la kwanza, na hiyo inaweza kudhibitiwa.

Kuna na mwendo wa maji. Kwa maeneo madogo, chini ya hekta 80 hivi, kilele cha mtiririko hukadiriwa hivi: zidisha kipeo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka) kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa) na eneo (hekta), kisha gawa kwa 360; unapata mita za ujazo kwa sekunde. Chukua hekta 50 zenye nyasi na vichaka, kipeo 0.2, mvua ya milimita 60 kwa saa: mita za ujazo 1.7 kwa sekunde. Baada ya kujengwa kipeo kinakuwa 0.7. Na kwa kuwa maji sasa yanakimbia kwenye lami na mitaro badala ya kujikokota kwenye majani, maji ya dakio zima yanafika mtoni kwa muda mfupi, hivyo mvua inayoamua kilele ni ile fupi na kali zaidi. Tuseme ni milimita 90 kwa saa. Kilele kinakuwa mita za ujazo 8.75, zaidi ya mara tano ya mwanzo. Kijito chako kilijichongea mfereji wa kubeba ile 1.7 na nyongeza kidogo.

Tuliambiwa haya ni mafuriko ya miaka 100. Yametupata mara mbili ndani ya miaka mitatu. Je, tunadanganywa?

Si lazima awepo wa kukudanganya, ila takwimu mnayopewa huenda imepitwa na wakati. "Mafuriko ya miaka 100" maana yake ni kiwango chenye uwezekano wa asilimia 1 kufikiwa au kuzidishwa katika mwaka wowote. Mto haukumbuki kwamba mwaka jana ulifurika. Mtu anayeishi miaka 30 kwenye mstari unaofikiwa na mafuriko hayo ana uwezekano wa asilimia 26 wa kupigwa walau mara moja, jambo ambalo wauza viwanja ni nadra kulitaja.

Hata hivyo, kupigwa miaka miwili kati ya mitatu, kama asilimia 1 ni ya kweli, ni bahati mbaya ya takriban 3 kwa 10,000. Likitokea, cha kwanza kutilia shaka ni hiyo asilimia 1. Kiwango hicho hukokotolewa kutokana na vipimo vya mto vya miaka iliyopita, wakati milima ya juu yenu haijajengwa. Mtiririko uliohitaji mvua kubwa adimu siku zile, leo unaletwa na mvua ya miaka 10 au 20. Mkienda ofisi inayohusika, ulizeni maswali mawili tu: vipimo vilivyotumika vinaanzia na kuishia mwaka gani, na ramani ya matumizi ya ardhi iliyotumika ni ya mwaka gani. Majibu hayo yatawaonyesha kama mstari wa mafuriko mnaouamini bado una maana.

Mtaa wetu umechanga fedha ili tubadilishe karavati la kipenyo cha sentimita 60 tuweke la 90, na mtaro tuujengee zege. Kuna ushauri?
*Mwenyekiti wa kamati ya mtaa*

Mwenyekiti, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji, tembeeni kufuata maji kwenda chini mpaka mkute karavati la kwanza lisilo lenu. Pimeni kipenyo chake. Kama nalo ni la 60, mradi wenu utahamishia mafuriko kwa jirani.

Bomba lililojaa, kwa mteremko uleule, hubeba maji kwa uwiano wa kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha 8/3. Kutoka 60 kwenda 90 kipenyo kimeongezeka kwa nusu tu, lakini uwezo unakaribia mara tatu. Zege nalo hupunguza msuguano: mtaro wa udongo wenye majani una namba ya ukwaruzo ya kama 0.035, zege laini kama 0.015, kwa hiyo maji ya kina kilekile yanakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi ya awali. Kwenu patakauka haraka. Huko chini vilele vya mitaa yote vitafika kwa pamoja.

Ndiyo maana upanuzi hufanywa kuanzia chini kwenda juu, na mahali ambapo chini hapawezekani kupanuliwa, maji huzuiwa juu. Mkiamua kujenga, jambo moja lisisahaulike: pale zege linapoishia. Maji yanatoka na kasi yote, yanakutana na udongo, yanachimba. Shimo hilo hurudi nyuma chini ya zege mpaka vipande vinaanza kuanguka kimoja kimoja. Mwisho wa zege uwekewe ukingo ulioshuka ardhini walau nusu mita, na mbele yake mawe makubwa yenye pembe, yaliyolazwa juu ya kitambaa cha kuchujia, kwa urefu wa mara nne hadi sita ya kipenyo cha bomba. Mawe ya mviringo ya mtoni hayafai, yanabiringika.

Na kabla ya yote hayo, chunguzeni karavati la sasa. Mara nyingi si dogo, limejaa mchanga. Wakati viwanja vya juu vinachimbwa misingi, udongo unaoteremka ni mwingi kupita kawaida, na karavati linaweza kupoteza nusu ya nafasi yake kwa msimu mmoja. Kulizibua ni kazi ya siku moja. Kazi ya kudumu ni kuwabana wajenzi wa juu waweke uzio wa kitambaa au magunia ya mchanga kwenye ukingo wa chini wa kila kiwanja kabla ya kuchimba.

Nina tangi la lita 5,000 linalovuna maji ya paa. Ninaambiwa nimechangia kupunguza mafuriko. Ni kweli?

Inategemea lina maji kiasi gani mvua inapoanza. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50, ukitoa asilimia 10 inayorukia nje na kulowesha bati, linatoa lita 5,400. Tangi likiwa tupu linapokea karibu zote. Likiwa limejaa, na katikati ya masika matangi yote huwa yamejaa, halipunguzi hata tone.

Ufumbuzi ni kuligawa. Nusu ya chini iwe akiba ya matumizi. Katikati ya kimo cha tangi toboa na ufunge bomba dogo lisilo na koki, ambalo daima liko wazi, likimwaga polepole kwenye bustani au mtaro. Tangi la lita 5,000 lenye kimo cha mita 2 lina mita 1 juu ya tundu hilo. Tundu la kipenyo cha milimita 20 hutoa lita 0.8 kwa sekunde nusu ya juu ikiwa imejaa, na huimaliza kwa saa moja na dakika 40. Linganisha na paa lenyewe, ambalo mvua ya milimita 60 kwa saa hulifanya limwage lita 2 kwa sekunde. Tundu la milimita 10 hutoa lita 0.2 tu na huhitaji karibu saa saba kumaliza. Linasaidia mto zaidi, lakini jani moja linatosha kuliziba. Kwa nyumba ya kawaida tunapendekeza 20, na wavu wenye macho madogo ndani ya tangi mbele ya tundu. Bomba la kufurikia la juu libaki palepale, na kipenyo chake kisiwe kidogo kuliko cha bomba linaloingiza.

Tangi moja halionekani mtoni. Nyumba 400 zenye mpangilio huo zinashika lita milioni 1, yaani mita za ujazo 1,000, bila kuhitaji kiwanja cha bwawa.

Nataka kuchimba shimo la kunyonya maji ya mvua. Fundi mmoja amesema nijaze mawe tu. Je, inatosha?

Haitoshi. Anza na kupima udongo. Chimba shimo la majaribio la sentimita 30 kwa 30, lifike kina kilekile unachokusudia kuweka sakafu ya shimo lako. Jaza maji, acha yaishe. Jaza tena, acha yaishe. Mara ya tatu ndipo upime yanashuka milimita ngapi kwa saa, kwa sababu udongo mkavu hunywa kwa pupa na kukupa jibu la uongo. Yakishuka chini ya milimita 13 hivi kwa saa, achana na wazo hili, tumia tangi. Yakishuka zaidi, chukua nusu ya kipimo chako kama kiwango halisi, maana shimo dogo hupoteza maji mengi kupitia kuta zake na udongo huziba kadiri miaka inavyokwenda.

Kwa paa lile la mita za mraba 120 tuliloligusia, unahitaji nafasi ya kama mita za ujazo 5.4. Kokoto safi za milimita 20 hadi 40 zina uwazi wa karibu asilimia 35 katikati yake, hivyo mtaro wa upana wa mita 1, kina cha mita 1.5 na urefu wa mita 10 unashika mita za ujazo 5.25, na kiasi kinachobaki kitanywea wakati mvua inaendelea. Mtaro mrefu ni bora kuliko shimo moja la mviringo kwa sababu una kuta nyingi zaidi. Ufunike kwa kitambaa cha kuchujia pande zote na juu, kisha udongo sentimita 30.

Kinachoua mitaro hii ni tope. Maji yasiingie moja kwa moja: yapitie kwanza chemba ya sentimita 60 kwa 60 ambayo bomba lake la kutokea liko sentimita 30 juu ya sakafu, mchanga ubaki chini na uchotwe kabla ya kila msimu. Weka mtaro walau mita 5 kutoka msingi wa nyumba, mbali na choo na kisima, na sakafu yake iwe walau mita 1 juu ya maji ya ardhini yanapopanda kabisa wakati wa mvua. Kwenye mteremko mkali usiweke. Maji yaliyonyweshwa juu hulegeza udongo wa chini na kuporomosha kilima. Baada ya mvua kubwa, nusu ya maji iwe imekwisha ndani ya saa 24. Isipokwisha, chunguza chemba kwanza.

Na tafadhali sana: maji ya barabarani au ya kuoshea magari yasielekezwe kwenye kisima cha zamani "ili yarudi ardhini". Hapo unapitisha mafuta na kinyesi kando ya udongo ambao ungeyachuja.

Pevingi inanywesha maji?

Pevingi ya kawaida, iliyolazwa juu ya udongo ulioshindiliwa na viungo vikajazwa saruji, hutiririsha asilimia 70 hadi 85 ya mvua. Inayonywesha ni ile yenye viungo vipana vilivyojazwa kokoto ndogo, juu ya tabaka la kokoto lisilo na vumbi la walau sentimita 20 hadi 30. Fahamu pia kwamba uwanja wa udongo mtupu uliokanyagwa na magari miaka mingi hauna tofauti kubwa na sakafu. Kuulegeza kwa kina cha sentimita 30 na kuotesha nyasi kunaweza kukufaa kuliko kununua vitofali.

Kijito chetu hukauka kiangazi, lakini visima vya mtaa wa pili vimepanda maji. Inawezekanaje vyote viwili?

Inawezekana kabisa. Mto wa kiangazi huishi kwa maji yanayovuja taratibu kutoka ardhini. Yale maji ya mvua ambayo hayakunywea msimu uliopita ndiyo unayoyakosa sasa. Lakini mji pia huingiza maji kutoka mbali kwa mabomba, na mabomba huvuja, mashimo ya vyoo hunyonyeka, bustani humwagiliwa. Mtaa wenye mabomba chakavu unaweza kunyweshea ardhi zaidi kuliko msitu uliokuwapo. Uvutaji nao una nguvu zake: Jakarta ardhi inazama, na uvutaji wa maji ya chini ni sababu kubwa, London maji ya chini yalianza kupanda tangu miaka ya 1960 viwanda vilipopunguza kuyavuta.

Kisima kinachopanda bila mvua kipimwe maabara: bakteria wa kinyesi, naitreti na klorini. Vikikutwa viwili vya kwanza, yanayopanda ni maji ya vyoo na yasinywewe. Klorini ikikutwa, mjulishe mwenye bomba.

Tunapanga bwawa la kuzuia mafuriko mwishoni mwa mji, karibu na mto mkubwa, kwa kuwa ardhi huko ni rahisi. Mhandisi mmoja anapinga. Kwa nini?
*Diwani*

Mheshimiwa, msikilize. Maji ya mji wa chini kwa kawaida hufika mtoni mapema na kuondoka kabla kilele cha maji ya mbali kutoka milimani hakijafika. Ukiyazuia saa mbili tatu kisha ukayaachia, unaweza kuyatoa wakati uleule kilele cha juu kinapita. Kila bwawa likitazamwa peke yake linaonekana limefaulu, na mto chini yake unapanda. Bwawa huwekwa sehemu za juu na za kati za dakio, baada ya kuchora kwenye karatasi moja mtiririko wa kila kijito na saa kinapofika.

Angalieni na tundu la kutolea. Bwawa lililopimwa kwa mvua ya miaka 100 pekee huwa na tundu kubwa, na mvua ndogo, ambazo tumeona ndizo zilizozidi zaidi kwa ajili ya ujenzi, hupita humo kama hakuna bwawa. Mnara wa kutolea uwe na matundu ya ngazi: dogo chini kwa mvua za kila mwaka, kubwa zaidi katikati, na njia ya dharura juu iliyojengewa mawe ili tuta lisikatwe. Tengeni pia sehemu ya mwanzo ya bwawa, asilimia 10 hivi ya ujazo, iwe ya kukusanya mchanga, yenye njia ya kuingizia mashine ya kuuchota.

Wakati mnasubiri usanifu, anzeni kupima. Chombo kilichonyooka kuta zake, kikiwekwa mahali wazi mbali na miti na paa, kinatosha kupima mvua kwa milimita; mizani ya rangi iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja inatosha kupima kina. Andikeni saa mvua ilipokuwa kali zaidi na saa mto ulipofika juu kabisa, kwa kila mvua inayozidi milimita 20. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo namba atakayoiomba mhandisi yeyote makini siku ya kwanza, na hakuna kompyuta inayoweza kuikisia vizuri bila ninyi.